Nilipata ruzuku ya kufundishia watoto nje ya darasa, nikaiua miti ya Bibi Martina

Wakuu, salamu kwenu. Hii siyo chai, na natamani ingekuwa chai. Naandika kwa aibu, kwa hiyo mtakaonitukana nitawaelewa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Masieda, Mbulu. Kuna wafadhili wanatoa ruzuku ndogo ndogo za elimu ya mazingira, ili watoto wajifunze nje badala ya kukariri ubaoni. Niliandika proposal, nikapata. Nilifurahi kama nimepata ubunge.

Mradi ulikuwa kuwapeleka wanafunzi kwenye korongo nyuma ya shamba la Bibi Martina, mama anayetibu matumbo ya kijiji kizima. Mle korongoni kulikuwa na miti mitatu ya aina moja. Huku kwetu ilibaki hiyo tu.

Jamani, yule bibi anafundisha!

Anakata kipande cha gome kama kiganja, upande mmoja tu, halafu anapaka mavi ya ng'ombe kwenye kidonda cha mti. Hagusi tena mpaka upone. Watoto walitulia kimya. Darasani kwangu hawajawahi kutulia hivyo.

Ila jina la mti hataji. Anaushika tu, anasema "huyu." Mimi nikaona ni mambo ya kizamani.

Sasa fomu ya wafadhili ilitaka mabango ya maelezo. Nikamweleza. Akasema, "Mwalimu, watoto wameona kwa macho yao. Hilo bango ni la nani?"

Nikamjibu kisomi, eti elimu ni ya wote. Akanyamaza. Nikachukulia kwamba amekubali. Mjinga mimi.

Nikasimika bango kwenye kila mti: jina, ambalo nililiulizia kijijini, na chini yake unatibu nini. Nikapiga picha, nikaposti na location. Likes zikamiminika, wafadhili wakanipongeza.

Haukupita muda, bodaboda zikaanza kuingia na watu wenye mapanga na viroba. Wengine walitoka mpaka Hanang. Bibi alikuwa akipiga kelele peke yake kule korongoni, sisi tuko kwenye vipindi.

Walichuna gome kuzunguka shina lote. Mti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mti ukichunwa hivyo hauponi. Niling'oa mabango, mimi na wanafunzi wangu tukapaka mavi kwenye vidonda, kazi bure. Yote imekauka.

Juzi wafadhili wameandika. Wanataka awamu ya pili, nifanye hivyo hivyo kwenye vijiji vingine. Sijawajibu.

Jumapili nilimkuta Bibi nje ya kanisa. Nikainama, "Shikamoo bibi." Akaniangalia usoni, akapita. Hakuitikia. Mama yangu mzazi alikuwa pembeni yangu, akaanza kulia palepale. Wa huku mnajua uzito wake.

Nilichojifunza: mtu akikuonyesha kitu kwa mkono wake, usikimbilie kukiandika. Muulize kwanza kwa nini yeye hakitangazi. Nimesoma mpaka chuo na hilo sikulijua.

Haya, uwanja ni wenu. Matusi ruksa. Jina la mti msiniulize, sitalitaja tena popote. Ila kama kuna anayejua mtu anaanzia wapi kwa mzee aliyekataa shikamoo yake, naomba huyo aandike wa kwanza.