Waliozaliwa Januari Mosi

Kazi ya rasilimali watu nilijifundisha kwa simu, video baada ya video, kwa hiyo kila siku naogopa kwamba kuna somo la msingi nililoliruka. Hapa kiwandani, Rusizi, upande wa Rwanda mpakani na Congo, tunakosindika chai, barua pepe ya mistari miwili naisoma mara tano kabla ya kuituma. Mkurugenzi aliponiambia tuanze kutumia akili bandia kukagua mafaili ya wafanyakazi, nilifurahi kupita kiasi. Hatimaye nimepata mwenzangu.

Alhamisi moja asubuhi niliipa mafaili ya watu ambao mikataba yao ilikuwa inaisha kesho yake, nikaiambia itafute kasoro. Ikajibu papo hapo: wafanyakazi tisa wana tarehe moja ya kuzaliwa, Januari mosi. Huenda taarifa ni za kughushi. Mikataba isiongezwe mpaka wajieleze. Ikanitungia na barua, safi, haina hata nukta iliyokosewa. Nikachapa tisa, nikazigawa kabla ya saa nne, nikijiona mtaalamu.

Saa sita akaingia mama anayesimamia mizani ya majani mabichi, ambaye sote tunamwita Maman, barua mkononi, wenzake wanane nyuma yake.

"Papa direkta mudogo," akasema, "tumekuya kufanya aniverseri yetu ya kuzaliwa. Keki iko wapi?"

Wakacheka wote.

"Maman, ni mashine iliyoona tarehe zenu..."

"Mashine yako ilishakimbia vita? Siye tulirudia hapa kutoka Congo, tukapanga mulolongo ku mupaka. Ule wa kuandika ananiuliza: ulizaliwa siku gani? Mama yangu alijua tu ni wakati ya kuvuna maharagi. Basi akaandika Januari moja. Na ule wa nyuma yangu, vile vile."

"Njo miye ule wa nyuma," mzee mmoja akadakia, na kicheko kikaanza upya.

Aibu yangu ni kwamba nilijua. Kitambulisho changu mwenyewe kinasema Januari mosi, cha baba pia, na cha dada zangu wawili. Lakini ile barua ilikuwa imeandikwa vizuri mno, nikaiamini kuliko nyumba yetu nzima.

Maman akaacha kucheka. "Sasa niambie. Kesho jioni niko mutu wa mizani, ao niko mutu wa nyumbani?"

Nikapanda kwa mkurugenzi. Akasoma barua moja, akaniuliza nani aliyeiandika. Jibu la kuniokoa, kwamba ni mashine, lilikuwa tayari mdomoni, na lilikuwa kweli kabisa.

"Mimi," nikasema.

Akasaini mikataba yote tisa na kuniagiza niipeleke mwenyewe, mmoja mmoja, na kuomba radhi.

Maman alivaa miwani, akaanza kusoma wake mstari kwa mstari, kidole kikifuata maneno. Nilisimama kando ya mizani nikisubiri. Hakuharakisha.