Borghild Achagua Kivinjari

Kwa miaka thelathini Borghild Tveit alikuwa opereta wa simu mjini Odda, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja: akishawaunganisha watu, alibaki kwenye laini kuwasikiliza. Mwaka 1997, Borghild alipokuwa amestaafu na kununua kompyuta, mdogo wake Eivind alikuja kumsaidia kuchagua kivinjari cha kufungulia intaneti.

"Tupakue hiki kikubwa, dada, kina kila kitu. Itachukua saa mbili tu. Ila usiguse simu, maana kompyuta inatumia laini hiyo hiyo moja."

Modemu ikaanza kupiga mayowe ikiiunganisha kompyuta na laini. Borghild akacheka mpaka akashika mbavu.

"Wasikie! Hao ni mtu na mkewe wanagombana, nakuapia!"

Mayowe yakakoma, kukawa kimya. Kimya ndicho kilichomshinda. Eivind alipogeuka kumimina kahawa, Borghild aliinua mkono wa simu polepole, kiganja kikiwa kimeziba pa kuongelea, kama enzi zile. Laini ikakatika.

"Dada!"

"Nilitaka kujua kama wamepatana."

Wakaanza upya. Safari hii Eivind aliikalia simu ya sebuleni. Borghild akaenda chooni, akapitia chumbani, kwenye simu ya pili. Laini ikakatika tena.

Eivind akajishika kichwa. "Kipo kidogo, cha robo saa. Lakini hakina mengi."

"Hicho hicho!" Borghild akaikalia mikono yake miwili, akitetemeka kwa kicheko. "Simu ya robo saa ni salamu tu, nitavumilia. Ya saa mbili ina umbea, mdogo wangu, na mimi ni binadamu."