Kupe Waliobaki Butiama

Jumamosi asubuhi kaka yangu Wambura alinipigia simu kutoka Butiama. Ndama wa pili alikuwa amekufa kwa ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, na ng'ombe waliobaki alitaka kuwauza wote.

"Ni bahati mbaya tu, mdogo wangu. Naogesha kwa dawa kila wiki, lakini kupe hawaishi."

Mimi nafundisha baiolojia Musoma. Nilifunga nyumba yangu ya Bweri, nikachukua bodaboda hadi stendi.

Bunda nilifika kabla ya saa sita. Nilimtafuta Rhobi, daktari wa mifugo niliyesoma naye, nikamtajia dawa anayotumia kaka.

"Miaka yote hiyo hiyo?"

"Hiyo hiyo."

Akanipa dawa ya aina nyingine kabisa, akaniandikia kipimo.

Butiama niliingia jioni. Wambura alikuwa zizini, akimng'oa kupe masikioni ndama wa tatu, ambaye tayari alikuwa na homa.

"Dawa yangu ilikuwaga inawaua kupe wote," alisema. "Sasa imewabadilisha?"

"Hapana. Wachache walizaliwa hivyo, wanaihimili. Wenzao walipokufa, wao ndio wakabaki kuzaa."

"Kuzaliwa hivyo si bahati?"

"Kuzaliwa ni bahati. Kubaki si bahati. Dawa ndiyo iliyochagua nani abaki."

"Na dawa naweka mimi." Alimtazama kupe aliyekuwa kiganjani. "Kwa hiyo kupe hawa nimewafuga mwenyewe?"

"Bila kujua, kaka."

Aliingia ndani. Shemeji alimtengea ugali na sato, hakugusa.

Jumapili alfajiri nilimkuta ameshachanganya dawa mpya, kwa kipimo kile kile cha Rhobi. Tuliwaogesha ng'ombe mmoja mmoja. Mchana kupe walianza kudondoka. Ndama mwenye homa hakupona. Tulimzika nyuma ya zizi.

Jumatatu alinisindikiza hadi barabarani. Habari ya kuuza ilikuwa imekwisha.

"Na safari hii watabaki wengine?" aliuliza.

"Wanaweza kubaki."

"Basi nitakuwa namuuliza Rhobi mapema kuhusu kubadilisha dawa."

Nilirudi Musoma kabla ya vipindi vya mchana. Kidato cha nne walikuwa wakinisubiri na mada hii hii, ya mabadiliko ya viumbe. Nilichojifunza ni kwamba neno "bahati", likiachwa peke yake, linamfanya mtu aache kutafuta sababu. Kaka yangu lilikaribia kummalizia zizi.