Siku Tuliyomshangilia Baba Mdogo

Utotoni mwangu, kijijini kwetu karibu na Marani, hakuna aliyethubutu kusema ndani ya nyumba kwamba mtu amekufa. Tuliambiwa kifo kikisikia kinatajwa huitika na kuja, kama mtu aliyeitwa. Nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Magokoro, alisema tu, "Ametuacha," nasi tukaelewa. Na aliyetuacha hakupigiwa vigelegele. Huo ulikuwa mwiko. Roho yake ingechukia na kumwandama aliyeanza.

Nilikuwa darasa la sita, mimi peke yangu pale nyumbani niliyesoma Kiingereza, na nilijivuna kweli. Alasiri moja tukimenya ndizi uani, ililetwa barua ya taipu kutoka Nairobi. Huko ndiko baba mdogo Ondieki, kitindamimba wa Magokoro, alikofanya kazi ya reli. Tulijua anasomea mtihani wa udereva wa treni.

"Tusomee, Kemunto," mama akasema.

Mstari wa kwanza ulinishinda, nikauruka. Kisha nikaona: "passed away peacefully". Pass niliijua, mwalimu aliiandika kwenye ripoti yangu. Away ni mbali.

"Baba mdogo amepita mtihani!" nikapaza sauti. "Amepita mbali, tena kwa amani!"

Mama akapiga vigelegele. Majirani wakaja mbio kutoka shambani kwenye majani chai, wakaimba, wakamsifu Ondieki kwa jina. Nami niliruka katikati yao, barua nimeiinua juu.

Magokoro peke yake hakuinuka; alikuwa ameniona nikiruka mstari.

"Kemunto, njoo. Yale uliyoyaruka, yasome."

"Siyajui, Magokoro."

"Yasome hivyo hivyo."

Nikasoma polepole: "We deeply regret..." Yeye hakujua hata salamu ya Kiingereza. Alinitazama mdomo mpaka nikamaliza.

"Wanasema amepita. Amepita kwenda wapi?"

"Hawakusema."

Akaweka kisu chini. "Basi ametuacha. Kumbe hata Wazungu wanaogopa kulitaja neno lile."

Mama akaziba mdomo kwa mikono miwili. Jirani mmoja akaninyooshea kidole: "Mtoto huyu ametuletea balaa! Ametuchezesha juu ya maiti!"

Magokoro akanivuta magotini pake.

"Mwacheni. Mwanangu ameondoka akiimbiwa. Nani kati yenu ataondoka hivyo?"

Ndipo akalia, nao wakampokea kilio.

Nilikuja kuwa mwalimu wa Kiingereza. Kila mwaka nawaeleza wanafunzi kwamba msemo ule maana yake ni kufariki, na kwamba waungwana huutumia ili wasimchome mfiwa. Maelezo hayo yananitosha darasani. Lakini bado nastaajabu kwamba Magokoro, akiwa amejua sasa hivi tu kwamba mwanawe hayupo, alinikumbuka mimi kwanza, akaniondolea hatia mbele ya watu wote, kisha ndipo akajipa ruhusa ya kulia.