Waya Mnene Chini ya Kitanda cha Mama

Waya niliununua mimi, mjini Embu, kwa hasira lakini kwa makini. Mama alikuwa ametoka hospitalini na mashine ya kumsaidia kupumua, maana moshi wa kuni ulikuwa umemla mapafu maisha yake yote. Kwetu Gachoka nguzo za stima zilipita barabarani na kuendelea na safari zao. Familia ikaamua tujiwekee sola. Ndugu yangu mkubwa, mzee wa kanisa na mkulima wa muguka, ile miraa ya kwetu, akasema yeye ndiye atasimamia. Mimi ni mwalimu wa fizikia, lakini hakuna aliyeona kwamba hilo linahusika.

Akasimamia kweli. Paneli zikapanda juu ya mabati ya nyumba yake mpya, ile inayoonekana kutoka barabarani. Betri zikafungiwa humo humo kwa kufuli, eti wezi, na runinga yake ikawa ya kwanza kuunganishwa. Inveta, ile inayogeuza umeme wa betri ukaweza kuendesha mashine, ikawekwa kwa Mama, upande wa pili wa uwanja. Kutoka betri hadi inveta akavuta waya mwembamba mwekundu na mweusi, ule wa kufungia spika za redio. Ncha zake akazivisha vichwa vya shaba, akavigonga kwa nyundo juu ya jiwe mpaka vikalala bapa.

Tulipowasha, mashine ilivuma kidogo, inveta ikaanza kulia, kisha vyote vikanyamaza. Mama akatutazama, mrija ukiwa bado puani.

"Ni mawingu," ndugu yangu akasema. Nje jua lilikuwa linachoma migongo ya mbuzi.

Nikaushika waya. Ulikuwa moto. Umeme wa betri ukiulazimisha kupita mbali kwa waya mwembamba, unaishia njiani kuupasha joto, na unaofika hauna nguvu. Nikamwambia aushike mwenyewe.

"Mwalimu, hapa si class," akanijibu. "Wire ni wire, bora stima inapita."

Jumamosi iliyofuata nilizunguka maduka ya Embu. Muuza duka wa kwanza alinipa waya mnene wa kuvutia, mwepesi mno mkononi. Nikakwaruza nyuzi zake kwa wembe, na chini ya rangi ya shaba kukatokea weupe wa alumini, ile ya sufuria. Nikamrudishia. Niliouchukua ulikuwa shaba tupu, nyuzi nyingi nyembamba kama nywele, unene wake ukilingana na kidole changu. Nikanunua vichwa vinavyoutosha, na koleo lake la kubania, lenye mikono mirefu na meno yanayoacha alama ya pande sita. Kichwa kikibanwa vizuri, unakivuta kwa nguvu zako zote na hakitoki. Nilijaribu kimoja pale dukani, nikavuta mpaka viganja vikauma, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo nikafurahi.

Ndugu yangu alinikuta uwanjani nikiufungua mkoba niliotia waya na koleo.

"Kwani huu wangu una shida gani?"

"Ni mwembamba. Mashine inazima."

"Inazima kwa vile hamjui kuitumia. Wewe uliolewa, una kwenu. Mambo ya hii boma iko na mwenyewe."

Nilikwenda kwa Mama nikidhani nimepata hakimu. Alizungumza kwa vipande, akivuta pumzi kati ya neno na neno. "Mwanangu, usimwaibishe. Ameshawaambia watu wa kanisa kwamba ameiweka yeye. Ukiutoa waya wake, umenivunjia boma." Akaniomba niusukume mkoba chini ya kitanda. Ndugu yangu akipoa, alisema, atauweka mwenyewe.

Hakupoa. Inveta ikilia na mashine ikizima, mke wake alikuwa anakimbia kuvuka uwanja kuzima runinga, halafu inavuma tena kidogo. Nilipokwenda kumwona Mama nililala juu ya ule waya, maana kitanda kilikuwa kimoja, nikisikiliza anavyopigania hewa. Nilimchukia ndugu yangu. Naye Mama nilimkasirikia, na hasira hiyo sijajua pa kuipeleka mpaka leo.

Mama alifariki asubuhi moja nikiwa darasani. Daktari alisema mapafu yalikuwa yamechakaa, hata kama mashine ingevuma bila kukoma, asingepona. Simkatalii. Lakini ile mashine walimkuta nayo imezima.

Kamati ya mazishi ikakaa, na ndugu yangu akawa mwenyekiti. Akawaleta watu wa vyombo vya sauti, akawaambia wasilete jenereta ya kelele, watumie sola. Jioni ya maombi mchungaji alishika maikrofoni, akafika katikati ya sala, inveta ikalia, sauti ikakatika. Watu wakaguna. Ndugu yangu akaona aibu.

Asubuhi ya mazishi nilimkuta yuko uwanjani, ameinama na fundi wa spika. Mkoba wangu ulikuwa wazi. Koleo langu lilikuwa mikononi mwa fundi, anabana, anavuta, anabana. Waya wangu ulikuwa umelazwa kutoka nyumba yake hadi nyumba ya Mama, mweusi, mnene, na vichwa vyake vina alama za pande sita.

"Ulisema kweli, Mwalimu," akaniambia bila kuinua macho. "Hii ni heavy. Hatutaki sauti ikatike siku ya Mama."

Nilikwenda kuketi na akina mama wengine, jeneza likiwa mbele yetu. Zamu ya ndugu yangu ilipofika alisimama akiwa na suti, akaeleza jinsi tulivyomtunza Mama kwa kila kitu tulichokuwa nacho. Alizungumza kwa muda mrefu. Sauti ilifika mpaka barabarani, na haikukatika hata mara moja.