Usafi Wangu wa Umuganda

Jumamosi ya umuganda, siku ya kazi za pamoja, kila mtu alipotoka kufagia barabara, nilibaki nikisafisha ua wa Mama Uwase, aliyenipa chumba huku kilimani nyuma ya Masoro. Jikoni palikuwa na sanduku la maganda yaliyooza. Nikawamwagia kuku maganda yote, nikalisugua sanduku. Tangu niache shule nauliza kila kitu, ila hilo sikuuliza.

Mama Uwase akarudi na wanawake wenzake, kila mmoja na beseni.

"Leo tunagawana minyoo," akasema. "Kila shamba litapata wa kulitengenezea mbolea."

Akafunua sanduku.

"Wewe kijana, minyoo wetu wako wapi?"

"Nilidhani ni uchafu, mama. Nimewamwagia kuku."

Wote wakageukia kuku. Bibi mmoja akapindua beseni lake, akalikalia.

"Basi tuwatazame wakila," akasema.