Kikombe cha Binti wa Fundi Maneno

Chini ya ngazi za jengo la ghorofa nne, mahali ambapo wengine wangeweka ndoo na mafagio, alikaa fundi wa kuchora maandishi kwenye vyuma. Alikuwa na mashine moja, taa ya mkono mrefu na stuli mbili, yake na ya mteja. Watu walimwita Fundi Maneno, maana kuchora wengi wanaweza, lakini yeye alikutafutia na cha kuandika.

Mteja akija na saa au bangili akasema, "Andika kitu kizuri tu," fundi alimkalisha kwanza, akamuuliza mambo matatu. Huyu ni nani kwako? Akinyamaza, mikono yake inafanya nini? Mara ya mwisho alichekeshwa na nini? Majibu hayo aliyakamua mpaka yakatoa mstari mmoja, na kina mama wamewahi kulia palepale kwenye ngazi. Jumamosi ile dereva mmoja alileta sinia la mama mkwe wake, akaomba maneno matamu ila yasizidi ukweli sana, kwani mama mwenyewe anajijua. Fundi akacheka, akauliza maswali yake, na sinia likaandikwa: *Mikono iliyokunja nguo zetu bila kuombwa.* Dereva alisoma mara mbili, akaondoka bila mzaha tena.

Alipobaki peke yake, fundi akatoa chini ya meza kikombe cha chuma chenye mfuniko. Kilikuwa cha binti yake, mtoto wake wa pekee, muuguzi aliyepata kazi nchi ya mbali na ambaye angesafiri Alhamisi. Mkataba ulikuwa wa miaka mitano, na fundi alishafika umri wa kuiogopa miaka mitano. Alitaka binti aondoke na kitu cha kumwambia kila akinywa: baba yako alikujua.

Akajiuliza maswali yake mwenyewe. La kwanza lilikuwa jepesi. La pili likamkwamisha. Alifumba macho aione mikono ya binti, ikamjia mikono ya watoto wa wateja: yule anayesuka uzi, yule anayetafuna kucha. La tatu alilipita haraka, kama mtu apitaye nyumba yenye mbwa mkali.

Miaka yote aliondoka nyumbani mtoto amelala, akarudi amelala. Habari za mtoto alipewa na mkewe pamoja na chakula, vyote vimeshapoa. Na mkewe sasa alikuwa na miaka miwili kaburini. Akampigia simu dada yake, akamuuliza mtoto anapenda nini.

"Rangi ya bluu," dada alisema, kisha akasita. "Au hiyo ilikuwa darasa la tatu. Kaka, si umuulize mwenyewe?"

Akajibu kwamba ataharibu zawadi. Kweli yenyewe ni kuwa aliona aibu.

Jioni, akifunga mlango, ndipo ikamjia radi. Mtoto alikuwa akiogopa radi. Umeme ukimulika, yeye baba alisimama mlangoni mwa chumba, nao wakahesabu pamoja mpaka ngurumo ipite. Aliliona shuka, akaviona vidole vidogo vikikunjwa kimoja kimoja. Alirudi ndani, akawasha taa, akachora taratibu kuliko siku zote: *Hesabu mpaka kumi. Baba yuko mlangoni.*

Jumatatu alikipeleka. Chumba cha binti kilikuwa na sanduku lililofunguliwa na nguo zimejaa kitandani; akapewa kiti pekee kilichokuwapo. Walikaa karibu saa nzima wakizungumzia uzito wa mizigo na baridi ya huko. Hatimaye akampa kikombe, akamkodolea macho usoni, kama alivyozoea kuwatazama wateja wakisoma.

"Baba, hapa pana kosa," binti alisema, kwa sauti ile ya kusema na mgonjwa. "Aliyesimama mlangoni ni Mama."

"Nilikuwepo, mwanangu. Tulihesabu kwa vidole."

"Mama alikuwa anakusimulia ukirudi. Nilikuwa nawasikia, nilikuwa sijalala." Akakifunga kikombe mfuniko. "Wewe ulikuwa kazini, Baba."

Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. Fundi akanyoosha mkono, akasema ni kazi ndogo, atarekebisha, kabla ya Alhamisi kitakuwa tayari. Binti akamrudishia, akamshukuru.

Kufuta ni kusugua mpaka chuma chenyewe kipungue. Alisugua. Akafikiria kuandika kwamba mama ndiye aliyekuwa mlangoni; ingekuwa kweli, lakini zawadi ingekuwa ya marehemu. Akarudia maswali. Mikono yake inafanya nini? Ndipo akatambua kwamba jana tu alikaa naye saa nzima, mikono ile ikiwa hatua moja kutoka magotini pake, naye alikuwa akiutazama uso, akisubiri ulie.

Alhamisi binti alipiga simu kutoka uwanja wa ndege. Akamwambia baba asijali kuhusu kikombe, amtumie siku yoyote. Fundi akaitika. Alitaka kuuliza jambo, lakini nyuma ya sauti ya binti palikuwa pakitangazwa safari, na binti akaaga.

Kikombe kilikuwa mezani. Ukikiinamisha kwenye taa, kivuli cha herufi bado kilionekana.

Mwanamke mmoja akaingia na kalamu ya mumewe, akakaa kwenye stuli, akasema aandikiwe kitu kizuri.

"Jina lake nani?" fundi aliuliza hilo tu, akawasha mashine.